Kumpima Daktari Barasa

Waliomtuma Chelangat hawakumtuma kuwapenda watu, walimtuma kuwapima. Ulikuwa mwaka wa themanini na tisa, shahada yake ya sosholojia bado mpya mkononi, na shirika moja la wafadhili lenye ofisi Nairobi lilikuwa limempa kazi ya miezi michache: akawapime madaktari wa magonjwa ya akili wa Kitale, Bungoma na wilaya za jirani. Nyumbani kwao, kaka yake Kimaiyo alicheka hadi chai ikamwagika. Alisema tangu azaliwe hajasikia mtu akimpima daktari wa wazimu, na akamwonya dada yake awe anakaa karibu na mlango, wasije wakambakisha huko.

Chelangat alicheka pia, lakini hakuwa na shaka na kazi yake. Aliamini kwamba jambo jema likitazamwa vizuri huonekana kuwa jema, na likiwa na kasoro, kasoro hiyo ikitajwa hutibika.

Madaktari wenyewe walikuwa wachache mno. Wote wa upande ule wa magharibi wangeketi kwenye benchi moja la kanisa na nafasi ikabaki. Kila mmoja alifanya kazi peke yake katika wilaya yake, bila mwenzake wa kumwuliza neno. Ndipo Daktari Munene, mzee aliyestaafu serikalini na kuamua kubaki Kitale kwenye shamba lake badala ya kurudi Nyeri, alipoanzisha masomo ya kujiendeleza. Mara moja kwa mwezi, siku ya Jumamosi, walikutana Kitale katika ukumbi wa kanisa. Mmoja alileta kisa cha mgonjwa bila kumtaja jina, wengine wakakichambua, kisha Munene akafundisha.

Somo lake kuu lilikuwa kusikiliza. Aliwaambia waache tabia ya kuandika dawa kabla mtu hajamaliza kujieleza. Daktari aketi akimkabili mgonjwa, amtazame usoni, amwache aanze yeye kusema, na mwishoni asiogope kuuliza swali lililo gumu kuliko yote: je, umechoka kuishi?

Wafadhili ndio waliolipia ukumbi, nauli na vitabu. Sasa walitaka kujua kama masomo yale yamebadilisha chochote kliniki, au madaktari walikuwa wakikutana tu kunywa chai na kula mandazi. Chelangat akisema yamebadilisha, yangeendelea. Akisema hayakubadilisha, yangefungwa mwaka ukiisha. Gathoni, mkuu wake kule Nairobi, alikuwa amemweleza hivyo hivyo, bila kuzunguka.

Alianzia Kitale, kwa Daktari Chepkorir, mama mwenye sauti ya chini na subira ya mtu anayengoja maziwa yagande kwenye kibuyu. Chelangat aliketi kwenye kona, kwa idhini ya kila mgonjwa, akatazama. Mkulima mmoja wa Kiminini alikaa kimya muda mrefu mpaka Chelangat akahisi jasho, lakini Chepkorir hakutikisika. Alimtazama tu kwa upole, kama mtu mwenye siku nzima ya kumpa. Mwishowe mkulima yule akaanza kusema, na aliyoyasema hayakuwa yale ya kichwa kuuma aliyomwambia karani pale mlangoni.

Chelangat alitoka pale akiwa na furaha. Siku hiyo angeulizwa, angesema masomo yaendelee miaka kumi.

Wiki iliyofuata akaenda Bungoma kwa Daktari Jairus Barasa.

Barasa alikuwa mtu mkubwa wa mwili na mwepesi wa kucheka, mzaliwa wa huko huko. Munene alikuwa amemsifu kuliko wote. Kijana mmoja wa Webuye aliletwa na babake akidai redio inamtaja jina, na Barasa akazungumza naye kana kwamba ni mgeni aliyemtarajia. Hakumbishia, hakumcheka. Alimwuliza redio inasema nini, na inasema saa ngapi, na yeye mwenyewe anaonaje. Kijana alipotoka, mabega yake yalikuwa yameshuka. Kila alichofundisha Munene kilikuwepo, na Chelangat alikuwa tayari kufunga safari arudi Kitale.

Kisha akaingia mama mmoja wa makamo, kitambaa cheupe kichwani. Jina lake lilikuwa Wilkista Nakhungu, na alikuwa ametoka Tongaren. Alipofika mlangoni, alisimama. Barasa naye, aliyekuwa amenyanyuka kumpokea kama alivyowapokea wengine, alirudi nyuma hatua moja. Akakigeuza kiti chake kikaelekea dirishani. Mama akaketi karibu na mlango, uso wake ukitazama ukutani. Na mashauriano yote yakaenda hivyo. Barasa alimwuliza muuguzi, muuguzi akamwuliza mama, mama akamjibu muuguzi kwa maneno mawili matatu, na muuguzi akayarudisha kwa Barasa kana kwamba chumba kile kilikuwa na ukuta katikati. Analala? Kidogo. Anakula? Kidogo. Swali gumu halikuulizwa. Barasa aliandika dawa ile ile ya mwezi uliopita, na mama akaondoka akiwa ameinama.

Chelangat aliweka alama ya kukosa kwenye kila swali la fomu yake. Hakumtazama. Hakumwacha aanze. Hakuuliza. Moyo ulimwuma, kwa sababu alikuwa ameanza kumpenda yule daktari. Alijiambia kwamba labda asubuhi yote alimwonyesha maigizo, kisha uvivu ukamshinda. Au labda aliwasikiliza wanaume na vijana, akawadharau akina mama wa shambani. Wazo hilo lilimkasirisha. Daktari mmoja wa namna hiyo, katika kundi dogo kama lile, alitosha kuyazika masomo.

Katika mpango wake, wagonjwa wachache walikuwa wamekubali kutembelewa nyumbani, na Wilkista alikuwa mmoja wao. Siku mbili baadaye Chelangat alimkuta Tongaren nyuma ya nyumba akipukuchua mahindi ya msimu uliopita, akaketi naye na kuchukua hindi lake. Mama alimpa chai, akamwuliza habari za Kitale na bei ya mbegu. Walizungumza mahindi kwanza, kama heshima inavyotaka. Kisha Chelangat akauliza, kwa upole, kama daktari alimtendea vizuri.

"Vizuri sana," Wilkista akasema. "Yule ni mtoto wa heshima. Amesoma mpaka ng'ambo, na bado hajasahau."

Chelangat alidhani hakusikia sawasawa. Akamwambia kwamba daktari hakumtazama hata mara moja.

"Sasa angenitazama aje, msichana wangu? Si ameoa Dinah, mtoto wa dada yangu. Mimi ni mama mkwe wake. Angenitazama, ningetoka mbio bila dawa."

Chelangat aliacha kupukuchua. Kwao pia mkwe alikuwa na heshima yake. Mtu hakumfanyia mzaha. Lakini alijua, maana nani wa Kitale hajui, kwamba kwa Wabukusu jambo hili lilikuwa na uzito mwingine. Mwanamume na mama mkwe wake hawapeani mikono, hawaketi chumba kimoja, wakikutana njiani mmoja hupisha vichakani. Na dada wa mama mkwe ni mama mkwe vile vile. Alikuwa amelijua jambo hilo maisha yake yote, ila hakuwahi kulifikiria ndani ya chumba cha daktari. Kwenye kliniki aliona daktari na mgonjwa, akasahau kwamba wote wawili wana watu wao.

Aliona aibu kwa alama zake za kukosa, na papo hapo akawaza kuzifuta zote na kuandika kwamba Barasa ni daktari mwema. Lakini kitu kilimzuia. Akauliza swali lililobaki: je, amemweleza daktari yanayomsumbua?

Wilkista alitupa gunzi tupu kando. Akasema mzee wake alifariki wakati wa kupanda. Akasema usiku humsikia akimwita kutoka upande wake wa kitanda, na siku nyingine hufikiri kwamba ingekuwa rahisi kuitika na kumfuata.

"Hayo nitamwambia mkwe wangu?" akasema. "Mambo ya kitanda na mzee wangu? Hapana. Nitachukua dawa, nitanyamaza."

Chelangat alimshika mkono. Alimwomba wasimame waende kwa bintiye aliyeolewa boma la pili, na mama akakubali. Kabla hajaondoka alihakikisha kwamba binti huyo ataleta malazi yake alale na mamake kuanzia siku hiyo. Alimwahidi Wilkista kwamba kabla ya juma kuisha atapata daktari wa kuzungumza naye uso kwa uso, ambaye si mkwe wa mtu yeyote wa Tongaren. Hakuwa na mamlaka ya kutoa ahadi hiyo. Aliitoa tu.

Jioni ile ile alirudi Bungoma, akamkuta Barasa akifunga ofisi. Alimweleza alichokiona na alichokosea, jinsi alivyomdhania mvivu na mwenye dharau. Barasa alicheka kwa uchungu kidogo. Alisema tangu Munene awafundishe kumtazama mgonjwa, hofu yake ilikuwa siku ambayo mtu atakaa kwenye kona ile na mmoja wa wakwe zake aingie. Na wakwe walikuwa wengi. Alikuwa ameoa katika ukoo mkubwa. Nusu ya wamama wa Tongaren aliwapisha njiani.

"Kwa nini hukusema Kitale?" Chelangat akauliza.

"Niseme nini? Kwamba mimi, daktari mzima, namkimbia mama mzee? Wangecheka, bana." Akakusanya faili zake. "Lakini nilimfanyia nini kibaya? Dawa nilimpa. Heshima nilimpa."

"Nafasi hukumpa, Daktari."

Kisha akamwambia yale ambayo Wilkista alimruhusu kuyasema: kwamba hali yake ni ya hatari kuliko ilivyoonekana, na kwamba hatamwambia mkwe wake kamwe. Barasa aliketi tena kwenye kiti alichokuwa ameshakiacha. Aliponyanyuka alikwenda moja kwa moja kwenye simu ya ofisi na kuomba apigiwe Kitale, kwa Daktari Chepkorir.

Chepkorir alikuja Alhamisi. Wilkista aliingia chumbani humo humo, na mlango ukafungwa. Barasa hakutaka kuonekana hata kivuli, kwa hiyo alienda kuwaona wagonjwa wa wadi upande mwingine wa hospitali, lakini Chelangat aliona jinsi alivyokuwa akitazama saa yake. Walikaa ndani hadi foleni ikaanza kunung'unika. Wilkista alipotoka, macho yake yalikuwa mekundu na hatua zake zilikuwa za mtu aliyetua mzigo wa kuni. Chepkorir alibadilisha dawa, akampangia arudi baada ya wiki, na akasema neno moja tu kwa Chelangat: "Amezungumza."

Ikabaki ripoti.

Daktari Munene aliposikia habari yote, alifurahi kwa ajili ya mama na akahuzunika kwa ajili ya masomo. Walikuwa wameketi barazani kwake, mbele ya shamba la mahindi lililoanza kutoa mbelewele. Mzee alimshauri kwa sauti ya baba. Kisa kilikuwa kimeshatatuliwa, alisema. Mgonjwa mmoja kati ya wengi. Angeweza kumwacha nje ya hesabu na hakuna ambaye angeumia.

"Watu wa Nairobi hawataelewa mambo ya wakwe, mama," akasema. "Wataona kasoro tu. Watafunga."

Chelangat alimheshimu mzee huyo kuliko mwalimu yeyote aliyemfundisha chuoni, na ndiyo maana alimjibu bila kuinamisha kichwa. Alisema kisa kile hakingeweza kuachwa nje, kwa sababu hakikuwa cha mgonjwa mmoja. Kama Barasa alikuwa na wakwe, wengine nao hawakuanguka kutoka mbinguni. Aliomba kitu kimoja: kabla hajaandika, aruhusiwe kuliweka jambo hilo mbele ya madaktari wote siku ya Jumamosi, bila kutaja jina. Munene alikubali. "Haya," akasema, "kama ni kuzama, tuzame tukiwa safi."

Jumamosi ilipofika, Chelangat alisimama mbele yao na kuanza kueleza kwamba kuna daktari mmoja ambaye mgonjwa wake alikuwa mkwe wake. Hakufika mbali. Barasa aliinua mkono mkubwa.

"Usinifiche, dada. Ni mimi," akasema, na akawaeleza mwenyewe, kuanzia kiti kilichotazama dirisha hadi muuguzi aliyepeleka maneno huku na huku kama opereta wa simu.

Kwanza walicheka, kama alivyoogopa. Kiptanui, aliyetoka upande wa Kapenguria, alicheka kuliko wote, akapiga meza. Halafu kicheko chake kikakatika, akabaki akikuna shingo.

"Ati nacheka nini," akasema. "Mimi msichana wa mtu wa rika langu akija, huyo ni kama nimemzaa. Nitamwuliza habari za bwana wake? Ninamwandikia vitamini, namwambia salimia baba."

Chepkorir akasema kwake ni kinyume. Wazee wa rika la babake wakija kwa sababu ya pombe, akiuliza wanakunywa kiasi gani, wanamwambia, msichana, baba yako hajambo? Na hapo maswali yanakwisha. Mmoja baada ya mwingine wakafungua mifuko yao. Chepkorir akasema mficha uchi hazai, na safari hii walicheka kwa namna nyingine, kama watu waliogundua kwamba kiatu kile kile kinawabana wote.

Munene pekee hakuwa na kisa cha kutoa. Mwishowe alisimama, na ilionekana kwamba amepata jambo jipya uzeeni.

"Mimi serikali ilinituma mbali na kwetu maisha yangu yote," akasema. "Mombasa, Garissa, Kisumu, hapa. Sijawahi kumtibu mkwe. Sijawahi kumtibu mtu anayemjua mama yangu. Niliwafundisha kama watu wasio na kwao. Nyinyi mko kwenu."

Adhuhuri ile hawakusoma kitabu chochote. Walipanga. Kila daktari angekuwa na mwenzake wa wilaya nyingine, na mara moja kwa mwezi wangebadilishana kliniki kwa siku moja. Mgonjwa yeyote ambaye udugu au ukwe au rika ulimfunga mdomo angewekewa siku hiyo. Na swali la kwanza, kabla ya yote, lingekuwa: mimi na wewe tunahusianaje? Barasa ndiye aliyelitunga swali hilo. Alilisema kwa Kiswahili, kisha kwa Kibukusu, akaona linakaa vizuri kote kote.

Chelangat aliandika ripoti yake kwa siku mbili, akaipeleka kwa basi la Nairobi, akasubiri. Gathoni alipiga simu wiki mbili baadaye, posta ya Kitale, kwa saa waliyopatana. Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyesoma hadi ukurasa wa mwisho na hakupendezwa.

"Hapa umeweka daktari mmoja alikosa kila kitu na mgonjwa wake," akasema. "Na chini unasema masomo yaendelee. Chagua moja, Chelangat. Yamebadilisha kazi yao ama hayakubadilisha?"

Chelangat alikuwa ametayarisha majibu marefu. Yote yalimtoka kichwani, na hakuyajutia.

"Kabla ya masomo, yule daktari angemwandikia mama yule dawa, na hakuna ambaye angejua kuna kitu kimekosekana," akasema. "Hata yeye mwenyewe asingejua. Masomo ndiyo yaliyomfanya aone aibu kwa kutosikiliza. Na ndiyo yaliyompa wenzake wa kuwaambia. Ukiyafunga sasa, kila mmoja atarudi kukaa peke yake na wakwe zake."

Laini ilikwaruza. Nyuma yake mtu kwenye foleni alikohoa kumharakisha.

"Na huyo mama?" Gathoni akauliza, kwa sauti nyingine.

"Amerudi kliniki mara mbili. Analala. Bintiye anasema ameanza kugombana na watu juu ya mbegu za msimu ujao."

Gathoni alicheka kidogo, kicheko cha kwanza Chelangat kukisikia kwake. Akamwambia aongeze maneno hayo kwenye ukurasa wa kwanza, kama alivyoyasema, bila kuyavalisha tai. Masomo yangelipiwa mwaka mwingine, na mwaka huo ukiisha, mtu angetumwa tena kupima. Akauliza kama Chelangat angekubali kuwa mtu huyo. Chelangat alikubali kabla swali halijaisha.

Alitoka posta akaenda moja kwa moja ukumbini, ambako madaktari walikuwa wamekutana kupanga siku za kubadilishana. Aliwakuta wakibishana. Kiptanui alikuwa akidai apangiwe na Chepkorir, na Chepkorir akikataa katakata, akisema watu wa rika la Kiptanui wamejaa bonde zima na yeye si punda wa kubeba wilaya mbili. Barasa aliwapigia kelele kwamba kama ni hesabu ya wakwe, hakuna mtu wa kumshinda yeye, kwa hiyo yeye ndiye apewe wa kumsaidia kwanza. Munene alikuwa akigonga meza kwa kalamu, akiomba nidhamu, na hakuna aliyemsikia.

Chelangat alisimama mlangoni akiwa na habari yake njema mdomoni, akangoja wamalize.